Dubu wa Kisiwa Kisicho na Dubu

Kyushu hakuna dubu. Mwaka 2012 Wizara ya Mazingira ya Japani ilimwondoa dubu mweusi wa kisiwa hicho kwenye orodha ya viumbe walio hatarini, kwa kuwa alikwishatoweka na hapakubaki wa kulindwa. Lakini ukishuka leo kwenye kituo cha treni cha Kumamoto, katikati ya Kyushu, wa kwanza kukukodolea macho ni dubu: mweusi tii, mashavu mekundu ya duara, mdomo wazi, uso usioonyesha kama amefurahi au ameshtuka. Utamkuta kwenye mifuko ya nyanya, kwenye maboksi ya machungwa, kwenye mabasi, kwenye vioo vya maduka. Anaitwa Kumamon, na ni mtumishi wa serikali ya mkoa.

Hilo la utumishi si utani wangu. Ana cheo, Mkuu wa Mauzo, na juu yake wameongeza kingine, Mkuu wa Furaha. Ana ofisi yenye meza. Amewahi kupandishwa cheo, na amewahi kushushwa. Nilipokuwa nasoma Fukuoka, mkoa wa jirani, nilimwona mara nyingi kuliko nilivyomwona kiongozi yeyote wa nchi ile, na kilichonivuta hakikuwa sura yake. Sura ni ya kawaida tu. Kilichonivuta ni jinsi watu wazima, wenye suti na mihuri ya ofisi, walivyomchukulia kwa uzito.

Japani ina maelfu ya viumbe wa namna hii. Watu wa mpira huku kwetu huwaita maskoti, nami nitatumia neno hilo, ingawa maskoti wa timu kazi yake ni kushangilia na hawa kazi yao ni kuuza mji. Wajapani huwaita yuru-kyara. Jina hilo lilitoka kwa mchoraji na mwandishi Miura Jun, karibu na mwaka 2000, alipovutiwa na maskoti wa matamasha ya mikoani ambao hakuna aliyewajali. Aliweka na masharti yake matatu: awe amebeba mapenzi makubwa kwa kwao, mwendo wake uwe wa kuyumbayumba, usiofanana na wa mwingine, na awe mlegevu kiasi cha kupendeka. Yaani asiwe hodari. Ukimtengeneza akawa nadhifu na mwerevu, umeshamharibu.

Tumalizane kwanza na Kumamon, maana bila yeye wengine wengi wasingezaliwa.

Kumamoto ilikuwa na hofu. Treni ya kasi ya Kyushu ilikuwa inakamilika, na kuanzia Machi 12, 2011 abiria angeweza kupanda Osaka na kwenda moja kwa moja hadi Kagoshima, ncha ya kusini. Kumamoto ipo katikati ya njia. Kaskazini yake ipo Fukuoka, jiji kubwa lenye maduka na vibanda vya chakula vya usiku. Kusini yake ipo Kagoshima yenye volkano inayotoa moshi mbele ya mji. Nani atashuka katikati? Mkoa ukamwendea Koyama Kundo, mwandishi wa vipindi vya televisheni aliyezaliwa Amakusa, visiwa vya mkoa huohuo, awe mshauri. Yeye akamtafuta mbunifu Mizuno Manabu achore nembo ya kampeni. Mizuno akaleta nembo, na pembeni yake akaleta dubu ambaye hakuna aliyemwagiza. Jina la mkoa lina neno dubu ndani yake, basi. Hapakuwa na sababu nyingine.

Wangeweza kuishia kumbandika kwenye mabango, na leo tusingekuwa tunamzungumzia. Badala yake, mwaka 2010 walimwajiri. Akaanza kama kibarua wa muda, akatumwa Osaka akiwa na jukumu la kugawa kadi za biashara 10,000. Alionekana vituoni na mitaani bila maelezo yoyote, dubu mweusi aliyesimama tu. Kisha ikatangazwa kwamba ametoweka: Osaka imemnogea, kazi ameitelekeza. Gavana Kabashima Ikuo, mtu mzima, profesa wa sayansi ya siasa aliyesomea Harvard, akaitisha mkutano na waandishi wa habari na kuwaomba wananchi wa Osaka, kwa uso mkavu kabisa, watakaomwona dubu huyo watoe taarifa kwenye Twitter.

Hapo ndipo ninapoona akili ya mambo haya. Gavana angetabasamu kidogo tu, mchezo ungeishia pale. Hakutabasamu. Waliomtafuta Kumamon mitaani walikuwa wanafanya kile ambacho mkoa ungelipia mamilioni kwenye matangazo na usikipate: walikuwa wanalitaja jina Kumamoto wenyewe, kwa hiari, wakicheka.

Septemba 2011 kibarua akapandishwa hadi Mkuu wa Mauzo, na Novemba akashinda shindano la kitaifa la maskoti. Mwaka 2013 ikatangazwa kwamba amepoteza mashavu yake mekundu, na gavana akarudi tena mbele ya kamera. Yalikuwa yamedondoka, ikaelezwa, kwa sababu vyakula vyekundu vya Kumamoto ni vitamu mno: nyanya, matikiti maji, stroberi, ng'ombe wekundu wa malisho ya Mlima Aso, na nyama mbichi ya farasi, ambayo mimi na imani yangu tuliiacha ibaki mezani. Mwaka 2015 wakamshusha cheo hadi kaimu, eti ameshindwa kupunguza uzito kama alivyoagizwa. Alirudishiwa baadaye.

Ukizisoma habari hizi kwa pamoja unaona zina uti mmoja wa mgongo. Picha kwenye nembo haiwezi kutoroka kazini. Haiwezi kunenepa, haiwezi kuadhibiwa. Mtumishi anaweza, na kila akikosea kunapatikana habari mpya ya kuandika. Mikoa mingine iliiga dubu. Ajira yake haikuigwa na wengi. Ndiyo maana Japani imejaa maskoti waliokunjwa stoo.

Jambo la pili ambalo Kumamoto ililifanya ni la kiofisi zaidi, na kwa maoni yangu ndilo lililoleta fedha. Mkoa ulinunua haki zote za mchoro, kisha ukatangaza kwamba mfanyabiashara yeyote anayeuza au kutangaza kitu cha Kumamoto anaweza kuomba ruhusa ya kumtumia dubu bila kulipa mrabaha. Anajaza fomu, anaonyesha bidhaa, basi. Muuza karanga, mwenye kiwanda cha soksi, benki, wote foleni moja. Mwaka 2011 bidhaa zenye sura yake ziliuzwa kwa yen bilioni 2.5 hivi. Mwaka 2012 zikafika bilioni 29.3. Kufikia 2019 ilikuwa zaidi ya bilioni 150 kwa mwaka mmoja. Tawi la Benki Kuu ya Japani lililopo Kumamoto lilipiga hesabu kwamba ndani ya miaka miwili, hadi mwishoni mwa 2013, dubu huyu aliuletea mkoa faida ya kiuchumi ya yen bilioni 123.2. Serikali iliyokataa kukusanya ada ndogo kwenye kila soksi ilipata mkoa mzima unaomtangaza bure. Mrabaha ulikuja baadaye, kwa kampuni za nje ya nchi.

Tazama sasa ya Hikone. Mji huo upo kando ya Ziwa Biwa, mkoa wa Shiga, na una ngome ya kale ambayo mnara wake wa awali bado umesimama. Walipojiandaa kuadhimisha miaka 400 ya ngome, mwaka 2006, wakamleta Hikonyan: paka mweupe aliyevaa kofia nyekundu ya kivita yenye pembe za dhahabu. Huyu ana asili ya kweli. Ukoo wa Ii, mabwana wa Hikone, walijulikana kwa deraya nyekundu vitani. Na simulizi husema kwamba bwana mmoja wao, Ii Naotaka, alikuwa amejikinga mvua chini ya mti karibu na hekalu la Gotoku-ji, Tokyo ya leo, akaona paka anampungia mkono. Akamfuata, na radi ikaupiga ule mti nyuma yake. Ukitaka maskoti mwenye nasaba, huyo hapo. Ndiye anayetajwa kuwasha moto wa mtindo huu nchini, na ndiye aliyeshinda shindano la kwanza la kitaifa mwaka 2010.

Lakini mji na mchoraji waligombana. Mchoraji alilalamika kwamba mji umemwongezea paka wake tabia ambazo hakumpa, na kwamba bidhaa zinamchora anavyotaka kila mtu. Wakafikishana mahakamani, na shauri likaja kumalizwa kwa maelewano mwaka 2012. Miaka ileile ambayo paka wa Hikone alikuwa na mawakili, dubu wa Kumamoto alikuwa anajaza rafu za maduka. Sisemi mchoraji alikosea kudai. Kazi ya mkono wake ni yake. Nasema mji ulimpokea paka kabla haujasoma karatasi.

Kwa nini miji yote hii kwa wakati mmoja? Jibu la haraka ni kwamba Wajapani wanapenda vitu vya kupendeza, na ni jibu la mvivu. Kati ya 1999 na 2010 serikali ya Japani iliunganisha miji, vijiji na halmashauri kwa kasi ambayo ingezua maandamano kwingine. Kutoka 3,232 zikabaki 1,727. Majina ya miji iliyoishi karne nyingi yakafutwa kwenye ramani. Sehemu mbili zisizopendana zikapewa meya mmoja na jina jipya lililotungwa kamatini. Wakati huohuo idadi ya Wajapani ilikuwa imefika kileleni, mwaka 2008, na kuanza kushuka. Shule za vijijini zilifungwa kwa kukosa watoto. Sasa una mji wenye jina geni, wazee wengi, vijana wamekimbilia Tokyo, na bajeti ya utalii isiyotosha tangazo moja la televisheni. Vazi moja la maskoti unalimudu.

Hiyo namba 1,727 ina kichekesho chake. Shindano la kitaifa lilipofika kilele, mwaka 2015, walioandikishwa walikuwa 1,727 kamili. Ni sadfa tupu, maana mle ndani zilikuwamo na kampuni binafsi, lakini kila nikiikumbuka nacheka.

Ofisi za serikali nazo hazikubaki nyuma. Polisi wa Tokyo walikuwa na wao, Pipo-kun, tangu 1987. Idara ya kodi inaye. Gereza la Asahikawa, kule Hokkaido kwenye theluji, lilimleta wake mwaka 2013, mwenye ua la zambarau kichwani, ili wananchi wasiliogope gereza. (Mimi ningependa waendelee kuliogopa kidogo.) Serikali ya mkoa wa Osaka ilipojihesabu ikakuta ina maskoti zaidi ya 90, kila idara na wake, wengine wakitangaza mambo ambayo hata wahusika walikuwa wameyasahau. Wakaanza kupunguza wafanyakazi.

Nara ilipita njia nyingine kabisa. Mji huo ulikuwa makao makuu ya Japani kuanzia mwaka 710, na mwaka 2010 ulikuwa unatimiza miaka 1,300. Kazi ya kumchora maskoti alipewa Yabuuchi Satoshi, mchongaji na profesa wa chuo kikuu cha sanaa cha Tokyo. Mwaka 2008 akamtoa Sento-kun: mtoto mwenye uso wa Buddha na pembe za paa zinazoota kichwani. Paa wa Nara ni watakatifu, hutembea mjini kama wenye mji; Buddha ndiye moyo wa mahekalu yake. Kimantiki mchoro ulikuwa sahihi. Kimacho, watu walipiga kelele. Wakasema anatisha. Watawa wakasema ni dharau. Wananchi wakakusanya sahihi, wengine wakatengeneza maskoti wao mbadala. Kila gazeti likaandika, kila televisheni ikamwonyesha, na kufikia 2010 hapakuwa na Mjapani asiyejua kwamba Nara ina sherehe. Kisha wakamzoea. Kisha wakampenda.

Osaka ilirudia somo hilo kwenye maonyesho ya dunia ya Expo 2025. Maskoti wao, Myaku-Myaku, ni kiumbe cha bluu chenye pete ya chembe nyekundu kichwani, na chembe hizo zina macho. Alipotangazwa watu waliuliza kama ni ugonjwa. Maonyesho yalipofungwa Oktoba mwaka huo, bidhaa zake zilikuwa zinapigiwa foleni.

Ninayempenda mimi hana makuu. Ni Sanomaru wa mji wa Sano, mkoa wa Tochigi, mshindi wa 2013: mbwa mwenye bakuli la tambi za rameni kichwani kama kofia, na kiunoni, mahali pa panga za samurai, vijiti viwili vya viazi vya kukaanga. Rameni na viazi hivyo ndivyo vyakula vya Sano. Mtu akimwona mara moja tu, amekwisha kuambiwa ale nini akifika. Ukiniuliza kazi ya maskoti ni nini, nitakuonyesha mbwa huyu kabla ya kukupa hotuba.

Kuna yule ambaye mji wake haukumtaka. Funabashi, mkoa wa Chiba, ni mji wa mapeasi. Mwaka 2011 mkazi mmoja alimtengeneza Funassyi, peasi la manjano lenye macho makubwa na mikono mifupi, akauendea mji, mji ukakataa kumtambua. Akaendelea hivyohivyo, bila cheo. Yuru-kyara wengi hawasemi, ni mwiko, huyu alipayuka. Wengi huyumba, huyu aliruka juu kama aliyemwagiwa maji ya moto, akipiga ukelele kwamba juisi ya peasi inamrukia kila upande. Alidai ni mmoja kati ya ndugu 274. Kufikia 2013 alikuwa kwenye kila kipindi cha televisheni, na mji wenye maafisa na bajeti ulikuwa unajulikana nchi nzima kwa sababu ya mtu uliyemfungia mlango. Nadhani Funassyi ndiye aliyetimiza sharti la kwanza la Miura kuliko wote, la kuipenda sehemu, maana yeye hakulipwa kuipenda.

Uasi wa namna hiyo hauishii vizuri kila mara. Susaki, mji mdogo wa bahari mkoani Kochi, una maskoti rasmi aitwaye Shinjo-kun, fisi-maji mwenye bakuli la rameni ya chungu kichwani, mshindi wa 2016. Fisi-maji wa Japani alionekana mara ya mwisho kwenye mto Shinjo, palepale Susaki, mwaka 1979, na alitangazwa ametoweka mwaka 2012, mwaka uleule wa dubu wa Kyushu. Basi akatokea Chiitan, fisi-maji mwingine asiye rasmi, anayefanana mno na Shinjo-kun, ila huyu kazi yake mtandaoni ilikuwa kuanguka, kupiga vitu, kupindua magari na kuzungusha vifaa vya bustani. Mji ulikuwa umemteua fisi-maji hai mwenye jina hilohilo la Chiitan kuwa balozi wake wa utalii, na malalamiko yakaumiminikia. Januari 2019 ukavunja naye uhusiano. Mji ulikuwa hauna fisi-maji hata mmoja porini, ukajikuta na wawili wa vitambaa wanaochanganywa na dunia nzima.

Nalo shindano la kitaifa likaingia doa. Kura zilipigwa mtandaoni, kila siku, kwa kila anwani ya barua pepe. Unajua kinachofuata. Mwaka 2018 ikafichuka kwamba maafisa wa mji wa Yokkaichi walikuwa wametengeneza maelfu ya akaunti ili kumpigia kura maskoti wao, Konyudo-kun, jitu dogo la kutoa ulimi. Alikuwa anaongoza. Kura zenye mashaka zilipofutwa akashuka hadi wa tatu, na ushindi ukaenda kwa Kaparu, kiumbe wa majini wa mji wa Shiki, Saitama. Wapo waliocheka. Mimi nilimwonea huruma yule karani wa manispaa aliyekaa mbele ya kompyuta akifungua anwani moja baada ya nyingine kwa ajili ya mji wake. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2020, likafanyika shindano la mwisho. Walioandikishwa hawakufika 700. Aliyeshinda alikuwa Yume-chan wa Rikuzentakata, mji wa Iwate ambao tsunami ya 2011 iliusomba na kuua zaidi ya watu 1,700. Kwenye msitu wake wa misonobari 70,000 hivi ufukweni ulibaki mti mmoja umesimama.

Kumamoto nayo ilitikiswa. Aprili 14, 2016 tetemeko la kwanza, Aprili 16 la pili lenye nguvu zaidi, la 7.3. Watu 50 walikufa papo hapo na zaidi ya 200 baadaye kwa madhara yake; kuta za mawe za ngome ya Kumamoto zikaporomoka. Akaunti ya Kumamon ikanyamaza. Mkoa haukumtuma akacheze mbele ya watu waliolala kwenye magari. Watoto wakawa wanauliza kama yeye yuko salama, na wachora katuni wa Japani wakaanza kumchora na kumtumia salamu mtandaoni, mmoja baada ya mwingine. Alirudi kazini Mei 5, Siku ya Watoto, akaenda kwenye shule ya chekechea katika kijiji cha Nishihara, mojawapo ya sehemu zilizoumia sana. Nimeona picha za siku ile. Wanaomkimbilia ni watoto, wanaolia ni bibi zao.

Ndani ya vazi kuna mtu, bila shaka. Hasemwi. Ukiwa kwenye tamasha utaona msaidizi amemshika maskoti kiwiko, maana mle ndani haonekani sawasawa, na utaona dakika zikihesabiwa, kwa kuwa kiangazi cha Japani ni joto la mvuke. Mwaka 2019 kijana wa miaka 28 alifariki katika bustani moja ya burudani mkoani Osaka baada ya mazoezi akiwa ndani ya vazi la namna hiyo. Lakini hata kwenye habari za kusikitisha kama hizo heshima ya kutomtaja aliye ndani hubaki. Wamakonde wa Mtwara wanaijua adabu hii: mcheza ngoma ya mapiko, aliyevaa kinyago, anapoingia uwanjani, hata kama miguu ile unaifahamu ni ya mjomba wako, humwiti mjomba. Malkia Michiko alipokutana na Kumamon mwaka 2013, akiwa ziarani na Mfalme Akihito, alimuuliza kama kazi hiyo anaifanya peke yake. Nchi nzima ilishika pumzi. Jibu rasmi la Kumamoto halijabadilika hadi leo: Kumamon yuko mmoja.

Sasa la kwetu, maana lipo. Agosti 2025, kwenye mkutano wa Japani na Afrika uliofanyika Yokohama, JICA, shirika la serikali ya Japani la ushirikiano wa kimataifa, liliitangaza miji minne ya Japani kuwa "nyumbani" kwa nchi nne za Afrika, kwa ajili ya kubadilishana watu na utamaduni. Tanzania ilipewa Nagai, mji wa Yamagata uliokuwa mwenyeji wetu katika maandalizi ya Olimpiki ya Tokyo. Msumbiji ilipewa Imabari, mji wa taulo na meli, ambao maskoti wake Bary-san, kifaranga mnene mwenye taji la daraja na mkanda wa taulo tumboni, alikuwa bingwa wa 2012. Habari zikapotoka zikivuka bahari, hadi baadhi ya vyombo vya huku vikaandika kana kwamba tumekabidhiwa mji. Kule simu za hasira zikaumiminikia kila ukumbi wa mji, watu wakidai wahamiaji wanaletwa kwa mlango wa nyuma. Septemba 25 JICA ikaufuta mpango.

Niliifuatilia kwa karibu, kwa sababu najua miji hiyo inavyohangaika kutafuta mtu wa kuitembelea. Imabari ilitengeneza kifaranga ili wageni waje. Sijui ingekuwaje kama tangazo lile lingepitia mikononi mwa watu waliomtorosha dubu Osaka badala ya kupitia tamko la kidiplomasia. Labda wangeanza na mtumishi mmoja wa Nagai aliyepotea Moshi, na meya akiwaomba Wachaga wamtafute.

Ukifika Kyushu na ukitaka kumwona Kumamon, usimvizie barabarani. Nenda Kumamon Square, katikati ya jiji la Kumamoto, iliyofunguliwa mwaka 2013. Ndipo ilipo ofisi yake. Ratiba hutangazwa mtandaoni, angalia kabla hujapanda treni, maana husafiri sana na unaweza kukuta kiti kitupu. Ukimkuta, atacheza mazoezi ya viungo, atainama, atajikwaa. Fika mapema ukae mbele. Watoto wana haki yao, lakini akina mama wa makamo ndio wanaosukuma.